Vyombo Alivyoviacha Mjomba

Marehemu mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mke mmoja, mwana mmoja wa kiume, mabinti wawili, nyumba ya vyumba vitatu huko Nkoroi, na banda la mabati lililojaa vyombo vya nyumbani vya zamani. Tulipovihesabu vilikuwa 46: cherehani 7, majiko ya primasi 5, karabai 4, pasi 11 ambazo 6 kati yake ni za mkaa, redio za mbao 8, santuri 2, friji 1 ya mafuta ya taa, na vitu vidogo 8 vya umeme, yaani feni, birika, tosta na vya namna hiyo. Juu ya nyumba hapakuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa juu ya banda.

Nkoroi, kwa wasiopajua, iko kando ya barabara ya Magadi, baina ya Ongata Rongai na Kiserian, katika kaunti ya Kajiado. Vilima vya Ngong vinaonekana kutoka uani, na mwezi wa Julai baridi yake humfanya mtu wa Mombasa alale na soksi. Mjomba alizaliwa Kibokoni, akaenda Nairobi ujanani kufanya kazi ya umeme, kisha akanunua kiwanja hicho wakati pale palikuwa miiba na njia za ng'ombe. Jamaa walimcheka. Mtu aliyekulia penye harufu ya bahari ataishije penye vumbi? Yeye alikuwa na jibu moja tu: upepo wa bahari hula chuma. Na kweli, aliyekulia Mji wa Kale anajua. Pasi ikikaa dirishani misimu miwili ya kusi, unga mwekundu huanza kudondoka. Cherehani isiyotiwa mafuta hushikana kama iliyofungwa kwa kufuli. Huko juu hewa ni kavu. Kila alipokwenda likizo Mombasa alirudi na kitu ndani ya gunia: karabai ya nyumba iliyobomolewa, redio aliyopewa na mzee asiyeiweza tena, pasi aliyoinunua mnadani.

Nkoroi nayo ina maadui wake. Mchwa walikuwa wakizitamani redio za mbao kuliko yeye alivyozipenda, na panya hupenda waya zilizovikwa kitambaa. Kwa hiyo kila kitu alikipandisha juu ya rafu za chuma zilizosimama ndani ya makopo ya mafuta machafu ya gari, ili mdudu asipande.

Alifariki mwanzoni mwa Rajab. Wiki ya pili baada ya maziko, akaja mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni na mizani. Ni nani aliyempa habari sikuuliza. Alipiga jicho ndani ya banda, akatoa bei ya vyote kwa jumla: shilingi 14,000. Binamu yangu wa kiume, aliye Maskati kwa kazi, alisema kwa simu kwamba auziwe, jambo liishe. Nisifichane nanyi, wasomaji, nilikasirika. Lakini hasira haikuwa hoja. Yeye ana watoto wanne na kodi ya nyumba, na mali ya baba yake ni haki yake; hakuna aliyempa kazi ya kutunza mapenzi ya mtu mwingine kwa primasi.

Aliyezuia ni mkaza mjomba. Alikuwa chumbani, katika siku za mwanzo za eda, nasi wanawake tukiingia na kutoka. Alisema maneno machache: "Havitoki. Si vyote vyake."

Hapo ndipo tulipojua kwamba ndani ya banda mlikuwa na amana. Kwa zaidi ya miaka 20 majirani walikuwa wakimletea mjomba vitu vyao vilivyoharibika, naye alikuwa akivitengeneza polepole, wengine wakasahau, wengine wakahama. Mkaza mjomba alivijua kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwafungulia mlango na kuwapa chai. Tuligundua vitatu: cherehani moja, feni moja ya chuma, na redio moja kubwa. Ile redio ilikuwa ya mama mmoja wa Kimaasai wa upande wa Kiserian, ambaye mumewe alikwisha kufa kabla ya kazi kwisha. Nyuma yake, ndani ya kifuniko, mlikuwa na kikaratasi chenye jina lake kwa mwandiko wa mjomba. Mnunuzi wa chuma angeipima kwa kilo pamoja na nyinginezo, nasi tungekuwa tumeuza mali ya mjane mwenzetu. Amana zilirudishwa kwanza, kabla ya neno lolote la urithi. Vikabaki 43.

Eda ya mke aliyefiwa ni miezi minne na siku kumi. Kisheria mirathi haina lazima ya kuingoja, na madeni ya maiti hayapaswi kucheleweshwa hata siku moja. Deni la mjomba kwa fundi aliyemtengenezea rafu lililipwa mwezi huo huo. Lakini kwa staha tulikubaliana kwamba banda lisiguswe mpaka Mama, kama nimwitavyo, atoke edani. Ikawa Shaaban, ikawa Ramadhani, ikaja Mfunguo Mosi, na eda ikaisha katika Mfunguo Pili. Muda huo ndio uliookoa kilichookoka.

Nilikuwa nikipanda kutoka Mombasa kila nilipopata nafasi, na binti mkubwa wa marehemu anakaa Rongai, si mbali. Tulianza na daftari. Kila chombo kilipewa nambari, iliyoandikwa kwenye kadi na kufungwa kwa uzi wa pamba, kwa maana karatasi ya gundi hung'oa rangi siku ya kubanduliwa. Tukapiga picha. Tukaandika kilitoka wapi, kina kasoro gani, kinakosa nini. Kazi ya jioni tatu, nilidhani. Lakini tulipofika kwenye safu ya "kinatumikaje", sote wawili tulikwama. Mimi nimekulia jiko la gesi. Binti yake alikuwa akiona primasi tangu utotoni lakini hajawahi kuiwasha. Marehemu alijua kuzifungua na kuzifunga, na daftari lake la ufundi lilikuwa limejaa michoro, ila humo hamna hata mstari mmoja juu ya kupika.

Aliyepika ni mkewe. Aliyeshona ni mkewe. Wakati umeme haujafika Nkoroi, na hata baadaye ulipokuwa ukikatika, karabai aliiwasha yeye magharibi, na kanzu za mumewe za Ijumaa alizipiga pasi ya mkaa kwa miaka mingi. Wageni walipokuja kuona makumbusho ya mjomba, yeye alikuwa nyuma akileta sahani za mahamri, na sote tuliozoea kusema "vyombo vya mjomba" hatukupata kufikiri kwamba nusu ya elimu yake ilikuwa jikoni. Basi nikaweka simu mezani irekodi, naye akaanza kusema.

Primasi, alisema, haiwashwi kwa haraka. Jiko hilo lilibuniwa Uswidi mwaka 1892, na ugeni wake ni kwamba halina utambi: mafuta ya taa husukumwa kwa pampu hadi kichwani, yakageuka mvuke kwa joto, na mvuke ndio uwakao. Kwa hiyo kichwa lazima kipashwe moto kabla. Unajaza spiriti katika kile kisahani kidogo chini ya kichwa, unaitia moto, unangoja mpaka ikaribie kwisha, ndipo unafunga parafujo ya hewa na kupampu taratibu. Ukipampu mapema hutoka mwali wa manjano ulio mrefu kama mkono, na nyusi zako huenda. Ukingoja vizuri hutoka mwali wa buluu unaovuma. "Usiutazame, mwanangu, usikilize," aliniambia. Mvumo ukiwa na kikohozi, kitundu kimeziba, chukua kile kisindano chembamba ukizibue. Pampu ikiwa haishiki, washa yake ya ngozi imekauka. Itoe, iloweke mafuta usiku mmoja, asubuhi imelainika. Haya yote hayamo katika kitabu chochote nilichokiona nyumbani mwao.

Juu ya pasi ya mkaa alinifundisha kwamba makaa ya kifuu cha nazi hayarushi cheche kama makaa ya miti mingi, lakini Nkoroi vifuu havipatikani, kwa hiyo alikuwa akiagiza gunia kutoka kwetu. Kumbe yale magunia mama yangu, Mungu amrehemu naye, aliyokuwa akiyapeleka stesheni ya basi yalikuwa ya hayo! Sikuwahi kujua. Alinionyesha namna ya kuipitisha pasi kwanza juu ya jani la mgomba au kitambaa kilichopakwa nta ili isishike nguo, na namna ya kupepea matundu yake nje, dhidi ya upepo, majivu yasirudi juu ya kanzu nyeupe.

Kisha cherehani. Miongoni mwa zile sita zilizobaki, moja ni Singer ya mkono, namba 28K. Herufi K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Clydebank huko Scotland, kilichofungwa mwaka 1980. Uzi wake wa chini haukai katika bobini ya duara tuliyoizoea, bali katika kichombo kirefu mfano wa mtumbwi kinachokwenda mbele na nyuma. Cherehani hiyo ni ya Mama, aliletewa siku ya harusi yake, na mjomba aliiingiza katika hesabu ya vyombo vyake kwa mazoea tu. Tuliposema hivyo kwa sauti, mabinti walicheka, naye pia. Lakini jambo hili si dogo. Katika nyumba zetu nyingi vitu vya mke huchanganyika na vya mume hata siku ya mirathi ikifika hakuna ajuaye. Mahari ni ya mke, alicholetewa na wazazi wake ni chake, na hakiingii katika urithi wa mumewe. Alipotaka kuirudisha nje ya hesabu mwanawe alikubali mara moja, lakini Mama mwenyewe alibadili shauri akasema ihesabiwe, kwa kuwa mjomba aliifanyia matengenezo kwa pesa nyingi kuliko bei yake. Sikukubaliana naye. Nimeliandika hapa ili msomaji aliye na cherehani ya mama yake ajue kwamba angekuwa na haki ya kuikataa hesabu hiyo.

Katika kusafisha, nasaha moja ambayo Mama aliisisitiza: mkono wenye upendo huharibu zaidi kuliko kutu. Mmoja wa wakwe, kwa nia njema, alitaka kuifuta Singer kwa spiriti ing'are kabla ya wageni wa khitma. Yale maua ya dhahabu yaliyochorwa ubavuni yamefunikwa na vanishi ambayo spiriti huiyeyusha; yangekwenda yote na kitambaa. Kitambaa kilicholowa maji ya sabuni kidogo na kukamuliwa chatosha, kisha mafuta mepesi ya cherehani katika kila kitundu. Mafuta ya kupikia yasitumiwe kamwe, kwani hukauka yakawa ulimbo. Shaba ya primasi kwetu husuguliwa kwa ukwaju au ndimu na majivu, nayo hung'aa kama mpya, ila kila msuguo huondoa shaba kidogo. Mara moja kwa mwaka, kabla ya Idi, yatosha.

Yako mambo ambayo hayafai kuguswa na sisi wa nyumbani hata kidogo, nami nayataja kwa sababu najua wako wenye vitu hivi katika stoo zao. Waya za zamani zilizovikwa kitambaa zina mpira ndani, na mpira huo hukatika ukawa unga. Chombo kama hicho kikichomekwa katika umeme wetu wa volti 240 chaweza kuua. Marehemu alikata plagi zote za namna hiyo mwenyewe, zile za pini nene za duara, akaziweka kwenye ndoo moja. Baadhi ya pasi na tosta za kale zina asibesto. Vile vifuko vya kitambaa vinavyowaka ndani ya karabai, vya zamani vilitiwa madini ya thoriamu, ambayo yana mnururisho hafifu. Majivu yake yasivutwe puani wala kumwagwa penye chakula. Na friji ya mafuta ya taa isikatwe kwa msumeno wala gesi. Watu husahau kwamba haina mota: mwali mdogo ulio chini huchemsha amonia iliyo ndani ya mabomba, amonia hupanda, hupoa, kisha huvukizwa katika haidrojeni na kuchukua joto la chakula. Moto unaofanya barafu! Wanafunzi wawili wa Uswidi, von Platen na Munters, ndio walioibuni mwaka 1922. Lakini amonia hiyo imo mle bado kwa shinikizo, pamoja na chumvi ya kromiamu yenye sumu ya kuzuia kutu. Mnunuzi wa chuma chakavu angeikata uani penye watoto.

Sasa nirudi kwenye mgao. Mjomba hakuandika wasia. Alikuwa akisema tu mbele ya wageni, "Nikifa msivitawanye." Wapo katika familia waliotaka maneno hayo yafanywe wasia. Sivyo. Wasia hauzidi thuluthi ya mali, na hauwapi warithi wenyewe ila warithi wenzao waridhie. Wala mapenzi ya marehemu hayawezi kumnyima mwanawe fungu alilopewa na Mola wake. Kama alitaka vikae pamoja, mlango ulikuwa wazi alipokuwa hai na mzima: angeviweka wakfu, kwani katika madhehebu yetu ya Shafi kitu kinachohamishika nacho huwekwa wakfu maadamu kinatumika na asili yake inabaki. Nchi yetu ina mfano wa mtu aliyelimaliza jambo hili mapema. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, ambaye mama yake alikuwa Mmaasai, alikusanya vitabu, stempu na kazi za sanaa za Afrika maisha yake yote. Alizikabidhi kwa serikali kwa kuuza, akiwa hai. Alifariki mwaka 1990, na leo mkusanyiko wake umo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, ambako mtoto yeyote wa shule aweza kuuona. Primasi na pasi, bila shaka, hazina mnunuzi wa aina hiyo. Vyombo vya jikoni vya juzi si vya kale vya kutosha kwa makumbusho wala si vipya vya kutosha kwa maduka, na hapo ndipo hupotelea.

Tulitafuta mtu anayevijua vitu hivi avithamini kimoja kimoja. Jumla ikawa shilingi 320,000. Tofauti ya hesabu hiyo na zile 14,000 ilimfanya binamu yangu wa Maskati anyamaze kwenye simu kwa muda mrefu. Mgao ukawa mwepesi kwa sababu mafungu yalikuwa 32: thumuni ya mke ni mafungu 4, yaani 40,000, mwana wa kiume 14, yaani 140,000, kila binti 7, yaani 70,000. Mwana alitaka fedha, nayo ni haki. Kwa ajili ya fungu lake viliuzwa vyombo 17, redio 6, santuri zote mbili, pasi 5 na vidogo 4. Kuuza santuri kuliniuma. Nilikuwa nikiwaza sahani za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zikizunguka katika baridi ya Nkoroi. Zilinunuliwa na mtu mmoja wa Nairobi anayezijua, akazibeba kwa mikono miwili kama abebaye mtoto, nikatulia kidogo.

Vimebaki 26. Mama alichagua kwa fungu lake cherehani ya 28K, primasi mbili na karabai moja. Vilivyobaki ni vya mabinti, wameafikiana visiondoke bandani. Friji haikutakwa na mtu, ikahesabiwa kwa bei ndogo, nayo imesimama pale pale juu ya matofali.

Mabinti wamenakili rekodi zote, saa sita na dakika kadhaa za sauti ya mama yao, pamoja na adhana ya msikiti inayosikika kwa mbali na jogoo wa jirani. Mjukuu mmoja wa miaka 15 amefundishwa kuwasha primasi, naye huiwasha Jumapili, akipika maandazi huku bibi yake ameketi kitini akisikiliza mvumo. Mama mwenyewe hushona pindo za leso kwa wanawake wa mtaa, wengi wao si wa dini yetu wala si wa pwani, na yule mama wa Kiserian ni mteja wake. Washa za ngozi za pampu, alizoziacha mjomba, zilikwisha mwezi uliopita. Fundi viatu mmoja wa Rongai amepewa ile iliyochakaa kuwa kipimo, na kwa vipande vya ngozi vilivyobaki katika kazi zake amekata kumi. Mbili zimekwisha tiwa, nane zimo ndani ya kopo la mafuta, zinalainika.